Simu Ndani ya Sufuria

Kijiwe chenyewe ni mlango. Mlango mzima wa mbao, kitasa kimeng'olewa, umelazwa juu ya matofali kando ya ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, na hapo ndipo wanaume wa mtaa ule huja kumalizia akili walizoamka nazo. Ikifika saa nne asubuhi Shemeji huwa ameshatua birika la kahawa. Anaitwa Shemeji kwa sababu marehemu mumewe alikuwa akikaa kwenye ubao huo, na mke wa mmoja ni shemeji wa wote. Upande wa kulia hukaa Redio, muuza kufuli, ambaye mdomo wake haujui kufunga kazi. Kushoto hukaa Profesa, karani mstaafu wa ofisi ya maji, anayezijua methali zote ila hajui hata moja inakwenda wapi. Na chini pembeni, juu ya kigoda, kiatu cha mtu kikiwa mapajani, hukaa fundi viatu. Wanamwita Msumari, maana hakosi misumari mitano sita aliyoibana kwa midomo, anaitoa mmoja mmoja na kuigongomea kwenye soli. Mwenye misumari mdomoni haongei sana, basi watu wakaamua kwamba ni mpole.

Asubuhi hiyo Redio aliiweka simu katikati ya ubao, akaongeza sauti, akabonyeza. Ikatoka sauti nzito, ya pole pole, kila neno limepewa nafasi yake:

— Ndugu wananchi. Mimi ni daktari wa mifupa. Simu ikikaa karibu na mwili, inakunywa maji ya mifupa. Hasa ninyi mliovuka miaka hamsini na tano. Iwekeni nje ya nyumba, ndani ya chombo chenye mfuniko. Na mkiongea, msizidi dakika moja.

— Sikia anavyopima maneno, alisema Redio. Huyu kasoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike.

— Kila neno analitua kama yai, alisema Profesa.

Msumari aliinamia kiatu. Sauti ile ilikuwa yake. Alikuwa na misumari sita mdomoni siku aliyoirekodi, na misumari ndiyo iliyompa ule uzito na ule usomi. Alikuwa amechoka na kelele. Redio alikuwa na desturi ya kuongea na simu kutwa nzima, spika wazi, mara na binamu, mara na mteja, mara na mtu aliyekosea namba, na Msumari akawaza njia ya kumnyamazisha bila kugombana. Akanunua laini mpya, akamtumia Redio ujumbe huo. Miaka hamsini na tano aliitaja kwa kuwa Redio ana hamsini na sita. Chombo chenye mfuniko alikitaja ili simu ya Redio isisikike ikilia. Kila neno lilikatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, kama soli.

Redio badala ya kunyamaza akairusha kwenye magrupu yote aliyonayo. Wiki ya kwanza Msumari alikuwa akicheka peke yake. Wiki ya pili akaisikia zahanati, mama mmoja akimsikilizisha mwenzake kwa heshima zote, na kicheko kikamkauka. Sasa ilikuwa wiki ya nne, na kila ilipopigwa pale kijiweni aliona aibu inampanda kuanzia shingoni. Alitamani kusema. Lakini angeanzia wapi?

— Mimi tangu niitie simu kwenye kopo la maziwa, goti halinisumbui tena, alisema Redio.

— Goti lipi? aliuliza Shemeji akimimina.

— La kulia. Si ndiko mfukoni ilikokuwa ikikaa.

— Si ndilo ulilojigonga na baiskeli?

— Baiskeli ilimalizia tu, shemeji. Kazi ilishafanywa na simu.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Profesa. Leo inakunywa tone, kesho tone, mwisho mfupa unabaki ganda.

— Kwani simu ina kiu?

— Ina chaji. Unadhani ile chaji yote inatoka ukutani? Ukutani unatoka umeme tu. Nguvu ya kuibeba sauti ya mtu mpaka ng'ambo inatoka kwako mwenyewe. Ndiyo maana mtu akimaliza kuongea anahema.

— Anahema kwa sababu amegombana, alisema Shemeji.

— Na ule mnara nyuma ya shule? Tangu usimamishwe, kuku wangu akitaga anageuka analitazama yai kwa muda mrefu. Kuku hana sababu ya kudanganya.

Redio akaona asipitwe.

— Mimi nimesikia ukipokea kwa sikio la kushoto, inakuandika. Ukihamishia la kulia, inakufuta. Watu wanafutwa akili hivi hivi wanajiona. Jana mke wangu kapika bila chumvi.

— Labda ulimuudhi.

— Alikuwa kwenye simu, shemeji. Kushoto, kisha kulia. Nilimwona kwa macho yangu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Profesa.

— Hiyo leo imekaa mahali pake, alisema Shemeji, na Profesa akainua kikombe kama mtu aliyepewa cheti.

— Msumari, na wewe useme basi, alisema Redio. Simu yako unaiweka wapi?

— Mmh, alisema Msumari.

— Umeona? Mtu wa busara huyo. Hataki hata kuitaja.

Nyundo ilikosa soli ikaangukia kidole. Msumari hakulia. Alikiona kidole kimestahili.

Ndipo alipotokea mwanamke mmoja wa makamo, amevaa koti la bluu la kiwanda cha nguo, viatu vimejaa vumbi la mtu aliyetembea sana. Akasalimu, wakaitikia, Shemeji akamkaribisha kahawa, akakataa kwa adabu.

— Namtafuta mtu anaitwa Redio.

— Umempata, alisema Redio akinyoosha shati.

— Kaka, ule ujumbe wa daktari wa mifupa ulitoka kwako?

Redio akavimba kidogo. — Kumbe umefika hadi kwako?

— Umefika kwa baba yangu. Alipewa na rafiki yake, rafiki alipewa na mwanawe, mwanawe alipewa na mwalimu wa chekechea. Nimeufuata mtu kwa mtu siku tatu. Wewe ni wa kumi na mbili.

— Basi dada, safari imekwisha.

— Haijaisha. Namtaka daktari mwenyewe. Nitampata wapi?

Redio akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe.

— Atakuwa hospitali kubwa, alisema Profesa.

— Nimekwenda. Hawamjui.

— Pengine yuko nje kwa masomo.

— Anaitwa nani?

Mwezi mzima walikuwa wamemsifia daktari yule, wamemtetea, wamekosana na wake zao kwa ajili yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza jina lake. Redio alikuna kichwa.

— Ilikuja kwa namba ngeni, alisema taratibu. Niliipiga nimshukuru. Haipatikani mpaka leo.

Haikupatikana kwa sababu Msumari alikuwa ameikata laini ile kwa koleo, akaitupa mtaroni.

— Kwani mzee anaumwa mifupa? aliuliza Shemeji.

— Amevunjika nyonga. Ana miaka themanini na moja, anaishi peke yake, mimi niko zamu kiwandani. Simu ndiyo ilikuwa inatuunganisha. Aliposikia ujumbe ule akaitia kwenye sufuria, akafunika, akaiweka dirishani kwa nje. Jumamosi asubuhi akateleza bombani. Nilipiga mara kumi na moja. Alikuwa anaisikia inalia mle ndani ya sufuria, hatua sita kutoka alipolala, na hawezi kusogea. Nikamkuta jioni.

Shemeji akaweka birika chini. 

— Asiyesikia la mkuu, alianza Profesa, halafu akajisikia mwenyewe, akaimeza iliyobaki.

— Amelisikia, baba, alisema yule dada. Alilisikia lote, na guu limevunjika.

Akaeleza kwamba Alhamisi mzee anaruhusiwa kurudi nyumbani, na simu hataki kuiona. Wauguzi wamemwambia hakuna simu inayokunywa maji ya mifupa. Amewajibu kwamba wao ni watoto wadogo na wanaongea haraka haraka. Anamtaka yule anayepima maneno. Huyo akimwambia ishike, ataishika.

— Basi, alisema. Nilidhani nitampata hapa. Samahani kwa kuwasumbua.

Akageuka. Msumari alitazama viatu vyake vikiondoka, kisigino cha kushoto kimelika kuliko cha kulia, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Angeweza kukaa kimya. Laini iko mtaroni, hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kufa, na hicho ndicho kilichomtisha, kwamba kunyamaza kulikuwa rahisi kiasi kile. Akatema misumari kiganjani.

— Dada, ni mimi.

— Wewe nini? aliuliza Redio.

— Yule daktari ni mimi.

Redio akacheka mpaka akashika mbavu. — Msumari, kaka yangu, wewe hata kumsalimia mteja unatumia nusu neno. Mwachie dada wa watu aende.

Yule dada hakucheka. Alirudi akasimama mbele ya kigoda, akangoja. Msumari akaona hakuna njia nyingine. Akairudisha misumari mdomoni, akainua kichwa.

— Ndugu wananchi. Mimi ni daktari wa mifupa.

Kicheko cha Redio kilikatika hapo hapo. Ilikuwa sauti ile ile, na uzito ule ule, ikitoka kwa mtu aliyekaa chini na kiatu cha mtu mapajani. Hakuna aliyemwangalia usoni, na Msumari akajua sasa aibu yenyewe ni hii, ile ya wiki zote ilikuwa mvua za rasharasha.

— Kwa nini? aliuliza Redio.

— Nilitaka upunguze simu, alisema Msumari akiitema tena misumari. Ulikuwa unaongea sana.

Redio aliiondoa simu yake ubaoni.

— Ungeniambia, alisema. Miaka kumi na tisa tunakaa hapa, kaka. Ungeniambia tu, Redio, unaongea sana. Na ningekusikia. Nimewapa watu ujumbe ule kama ninawapa dawa.

Msumari akamgeukia yule dada, akamwambia amtukane, au ampeleke popote anapotaka kumpeleka.

— Nikikutukana, baba ataishika simu Alhamisi? alisema yule dada. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. Mdogo wangu yuko naye wodini. Sasa hivi napiga, utaongea na baba.

— Nitamwambia ukweli. Kwamba mimi ni fundi viatu.

— Atasema nimemnunua mtu. Siku nne namwambia yule hakuwa daktari, ananijibu mimi nashona mifuko ya suruali, najua nini. Irudishe misumari yako.

— Dada, nisidanganye mara ya pili.

— Mara ya kwanza ulidanganya kwa raha zako. Hii utadanganya kwa ajili ya baba yangu.

Akapiga. Akamwambia mdogo wake asimame mlangoni mwa wodi na kuweka sauti ya juu, maana mzee haruhusu simu ikaribie kitanda. Akamwekea Msumari simu mbele ya mdomo. Mkono wa yule dada ulikuwa na alama za sindano za kushonea.

— Mzee, alisema Msumari kwa sauti ya misumari. Ni daktari wa mifupa.

Upande wa pili kitanda kililia, mtu akijaribu kukaa vizuri na kushindwa. Kisha sauti ya mbali, nyembamba, ikaja kwa adabu zote:

— Shikamoo, daktari.

Msumari ana miaka hamsini na mbili. Mzee yule angeweza kumzaa na kumwozesha. Profesa akavua kofia bila kujua anavua kwa ajili gani. Shemeji aliwapa mgongo. Msumari akamwangalia yule dada, akiomba kwa macho apunguziwe hilo moja, na yule dada akatikisa kichwa.

— Marahaba, alisema Msumari.

— Nilijua hutatusahau, daktari. Siku hizi nani anawakumbuka wazee.

— Mzee, sikiliza. Simu yako irudishe ndani. Kaa nayo mfukoni, kitandani, popote, na mwanao akipiga, pokea. Haina madhara yale niliyoyasema. Nilikosea.

Kule wodini kitanda kililia tena.

— Hapana, daktari, alisema mzee. Msomi kama wewe hawezi kukosea. Ni mimi, masikio yamezeeka, nilisikia vibaya. Nimewasumbua watoto wangu, nimekusumbua na wewe na kazi zako. Naomba unisamehe.

Simu ilikuwa bado mbele ya mdomo wa Msumari.

— Anasubiri, alinong'ona yule dada. Mwambie umemsamehe.

Na Msumari, mbele ya watu wote wa kijiwe chake, akamsamehe.