Ukucha Wangu na Dola ya Mama wa Kazimia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa mdomo kama huu wangu, ambao leo ningependa ubaki umefungwa. Mimi ni Mama Neema, mnanijua. Meza yangu ya kubadilisha pesa iko pale sokoni Baraka, karibu na wauza mihogo, na katika kwaya hii nimeimba miaka mingi. Naomba mnisikilize bila kunihurumia.

Nilianza kazi hii dola moja ikiwa franka za Kongo mia tisa na kidogo. Ilikaa hapo miaka, watu wakazoea. Kisha ikaanza kupanda: elfu moja mia sita, elfu mbili, mpaka tukaikaribia elfu tatu. Ninyi mlilia. Mwalimu analipwa franka, lakini mwenye nyumba anataka dola. Mimi sikulia. Kila asubuhi nilipiga simu Uvira kuuliza dola iko ngapi leo, na ikiwa imepanda nilisema, asante Yesu. Nilimshukuru Mungu kwa sababu pesa ya nchi yangu imeanguka! Na mtu akishuka kutoka Bibokoboko, kule mlimani, na dola za ng'ombe wake, hana habari za simu, nilimpa kiwango cha wiki iliyopita. Tulikiita kiwango cha mlimani, na tulikicheka pale mezani.

Nikaamini kwamba dola haishuki. Akiba yangu yote nikaigeuza dola ilipokuwa juu kabisa. Mnakumbuka kilichotokea: franka ikapata nguvu ghafla, dola ikaporomoka, na wengine wenu mkacheza. Mimi nilikaa kitini nikiona miaka yangu inayeyuka. Tamaa mbele, mauti nyuma. Badala ya kutubu nikatafuta njia ya kurudisha hasara.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe. Mnajua huku kwetu dola ikiwa na mpasuko mdogo, hata wa urefu wa punje ya mchele, haipiti. Duka linakataa, hospitali inakataa. Ni wabadilishaji wachache tu wanaoichukua, kwa bei ya kutupa, maana wao wanajua pa kuipeleka. Hapo ndipo shetani aliponifundisha. Hapana, tusimsingizie, nilijifundisha mwenyewe. Nikafuga ukucha wa kidole gumba. Mteja ananipa noti nzima, naiinua kwenye mwanga kama naikagua, ukucha unafanya kazi yake pembeni, kisha namwambia, pole, hii imepasuka.

Ndugu zangu, akaja mama mmoja wa Kazimia, muuza ndagala, visamaki vya ziwani, anaitwa Mama Asende. Binti yake alikuwa hospitali hapa Baraka, anangoja opereshoni ili azae. Alikuwa na noti moja ya dola mia, ameilaza ndani ya kitabu cha nyimbo isipate kukunjika. Nikaipasua. Akaitazama, akanitazama mimi. Akazunguka kwa wabadilishaji wote na wote wakaikataa, akarudi kwangu. Nikampa franka za dola sabini, na nikamwambia kwamba nimemsaidia tu.

Jumapili iliyofuata alikuwa humu ndani, mlimwona. Aliomba nafasi, akasema binti yake ni mzima na mtoto ni mzima. Akamshukuru Mungu. Kisha akanishukuru mimi, kwa jina, niliyepokea dola yake wakati soko zima limeikataa. Mkapiga makofi. Mama mchungaji akanikumbatia. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilitabasamu. Katika yote niliyoyafanya, tabasamu lile ndilo linaloniuma zaidi.

Siku ya Meza ya Bwana mkate ulipofika kwangu, sikuumega. Nikampitishia jirani. Nilipofika nyumbani nikaukata ule ukucha, na Jumanne nikapanda boti kwenda Kazimia.

Nilimkuta anaanika ndagala. Nikapiga magoti mchangani nikamwambia kila kitu. Niliogopa atapiga kelele majirani waje. Yeye aliendelea kuanika mpaka beseni likaisha, ndipo akasema:

"Nilikuona, mama. Ukucha yako niliiona siku ile ile. Lakini mutoto wangu alikuwa kwa hospitali. Ningegombana na we, ningelipa na nini?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinishukuru kanisani, mbele ya watu wote.

"Laana ilikuwa imefika hapa kwa mudomo. Nikaona, kama simushukuru huyu mama, itatoka tu. Na mi nilikuwa na mujukuu wa siku tatu. Sikutaka neno ya kwanza anasikia kwa nkambo yake ikuwe laana."

Nilimpa dola zake thelathini. Alizikagua moja moja kwenye jua, pembe zote nne, mbele yangu. Nilistahili. Nikamwomba msamaha, akanijibu, "Hiyo, mama, ungoje."

Bado nangoja. Lakini Bwana amenitoa, ndugu zangu! Siku hizi kiwango cha Uvira nakiandika kwa chaki ubaoni, wa mlimani na wa mjini wanasoma kimoja. Noti ya mtu ninaikagua ikiwa mkononi mwake mwenyewe. Humu ndani wako niliowaumiza, nawajua. Wiki hii nitabisha hodi kwenu, na mkinifukuza nitarudi tena.

Nawe unayeficha la kwako, mtumaini Yesu, nenda ukaseme. Siwezi kukuahidi kwamba watu watakusamehe siku hiyohiyo. Namshukuru Mungu hata kwa huku kungoja. Zamani nilichokuwa nikingoja kila asubuhi ni franka ianguke. Sasa nangoja neno moja la mama wa Kazimia, na likichelewa hadi kufa kwangu, atakuwa hajanidhulumu kitu. Amina.