Salamu za Asubuhi Kabla Kizimba Hakijapanda

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Baba Mchungaji uliyetuombea leo. Mkuu wa Chuo, ambaye jengo hili sasa ni lako na la wanafunzi wako. Mhandisi Benedicta, kiongozi wetu wa saiti. Ndugu wageni waalikwa. Wazee wetu mliotoka Kilolo kuja kumchukua ndugu yenu. Mafundi, wasaidizi wa mafundi, na Mama Verediana wa chai. Na wewe Mzee Ambrosi, opereta wa winchi, ambaye leo tunakuaga: nawasalimu kwa Kihehe, kamwene!

Asanteni. Mmeitika vizuri kuliko ghorofa ya pili ilivyokuwa ikiitika siku za Jumatatu.

Jina langu ni Minza. Wengi wenu mnaifahamu sauti yangu, lakini uso wangu hamkuwahi kuuona vizuri, kwa sababu kazi yangu ilikuwa ndani ya kibanda cha bati chini ya winchi, na mimi nilikipenda kibanda kile kwa kuwa hakikuwa na dirisha upande wa watu. Nilipoambiwa niseme machache kwa niaba ya wafanyakazi, nilimwuliza Mhandisi kama ninaweza kuzungumzia kibandani, ninyi mkanisikia kwenye spika. Alikataa. Kwa hiyo leo na uso mnauona.

Ninalo ombi moja, na nalitaja mapema nisije nikaogopa, nikashukuru haraka na kukimbilia kiti changu. Winchi yetu inahamia Mbeya, kwenye jengo jingine. Kule, visanduku vya kuongelea havitafungwa. Kila ghorofa itakuwa na kitufe, na chini kutakuwa na taa. Mtu atabonyeza, taa itawaka, kizimba cha kubebea watu na vifaa kitapanda, na hakuna atakayehitaji kusema neno. Mzee Ambrosi hatakuwepo, anastaafu na kurudi kwao Kilolo. Mimi pia sitakuwepo, nakwenda kusomea umeme chuo cha ufundi. Mzee ameniomba niwaombe salamu zetu za asubuhi zisiachwe hapa Iringa. Nimemwahidi. Naomba mniruhusu kwanza nieleze ni salamu gani hizo.

Nyumbani kwetu ni Madibira. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na sasa wanalima pia mpunga. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuja Iringa kwa baba mdogo Masunga, yule pale mwenye shati la kijani, aliyekuwa akifunga nondo ghorofa ya juu kabisa. Mzee Ambrosi alikuwa anatafuta mtu wa kukaa naye kibandani. Masikio yake yameliwa na kelele za injini za miaka mingi, na alikuwa mkweli, alimwambia Mhandisi mwenyewe kwamba sauti ndogo za kwenye kisanduku zinampita. Alihitaji sikio la pili. Baba mdogo akasema, "Ninaye binti. Hasemi sana, lakini anasikia hadi sisimizi."

Siku yangu ya kwanza, baba mdogo aliita kutoka juu: "Chini, mnanisikia?" Mimi nikaitikia kwa kichwa. Akauliza tena. Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu zaidi. Mzee Ambrosi akasema, "Mwanangu, Masunga yuko ghorofa ya sita. Hicho kichwa atakionaje? Hapa kichwa hakihesabiki. Toa sauti."

Nikatoa. Ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

Ndugu wageni waalikwa, mnaoliona jengo hili leo likiwa limepakwa rangi, mnaweza kujua lilivyokuwa likizungumza? Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Iringa inayouma vidole, ukungu umelala chini kule Ipogolo, malori yakisikika yanapanda mlima bila kuonekana, na harufu ya saruji mbichi imechanganyika na ya maandazi ya Mama Verediana. Mzee Ambrosi alipasha injini joto huku akinisimulia mambo ya zamani. Alianza kazi hii Mbeya akiwa kijana. Wakati huo hakukuwa na kisanduku. Mtu wa juu alivuta kamba iliyofungwa kwenye debe tupu, na debe ndilo lililosema kupanda, kushuka au kusimama.

"Na kunguru akitua kwenye kamba je?" nilimwuliza.

"Tulimpandishia matofali," alisema.

Kwa hiyo visanduku vilipokuja, kwake vilikuwa muujiza. Mtu wa juu alikuwa na sauti, alikuwa na jina, angeweza kusema ameamkaje. Na sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba huwezi kumwomba mtu chochote kabla hujamsalimu. Utamwambiaje mzee "pandisha" kama vile unamwamuru mbuzi? Basi kila aliyeita alianza na salamu. Sikilizeni ilivyokuwa.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, Masunga. Umeamkaje?"

"Salama. Mama huko nyumbani?"

"Yupo, mguu unapona. Na ng'ombe wa Madibira?"

"Yule mweusi amezaa."

"Weee! Dume au jike?"

Ilikuwa tamu kuisikia. Tatizo ni kwamba visanduku vyote vilitumia laini moja. Wawili wakizungumza, wa tatu hapati nafasi. Siku ile ng'ombe mweusi alipozaa, kizimba kilikuwa kinapanda na mbao, ubao mmoja umejitokeza nje, na fundi Rabson wa ghorofa ya tano alikuwa akipiga kelele "Simamisha! Simamisha!" wala hatukumsikia, kwa sababu laini ilikuwa na ndama. Ubao ulikwama kwenye jukwaa, ukavunjika, kipande kikaanguka katikati ya sufuria ya chai. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mama Verediana alitoka amelowa kuanzia kifuani hadi miguuni, akaangalia juu, akauliza, "Nani kanitumia ubao? Mimi niliagiza sukari!"

Leo tunacheka. Siku ile hatukucheka. Mhandisi Benedicta alitukusanya wote na kupiga marufuku salamu kwenye visanduku. Alikuwa na haki. Angefanya nini, asubiri ubao wa pili umpate mtu?

Lakini saiti ilibadilika. Tulikuwa tunasema "Pandisha", "Shusha", "Simama", basi. Baba mdogo hakuweza kabisa kuita bila chochote mbele yake, kwa hiyo akaanza kukohoa kabla ya kusema "Pandisha". Mzee Ambrosi akawa anakohoa kumjibu. Ghorofa nyingine nazo zikaiga. Baada ya wiki chache Mhandisi alikuja kibandani akauliza, "Hivi hapa watu wote wana kifua?"

Mzee Ambrosi akazima injini, akavua kofia. "Mama, hatuna kifua. Tunasalimiana."

Mhandisi alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Mzee akamweleza: zamani, mtu asiposalimu, nilijua kuna kitu. Sasa kisanduku kikifa, nitajuaje, kama hakuna anayetarajiwa kusema? Mhandisi alifikiri. Halafu yeye ndiye aliyepata njia, na napenda watu wote walijue hilo. Alisema tusalimiane mara moja tu, asubuhi, kabla injini haijavuta kitu chochote. Chini inaita, kila ghorofa inaitika kwa zamu kuanzia juu, kila mmoja kwa salamu ya kwao akitaka. Ghorofa isipoitika, kizimba hakitoki. Wote wakishaitika, kazi, na hakuna tena habari za ndama.

Hizo ndizo salamu zetu za asubuhi. Kamwene za Wahehe, mwangaluka ya baba mdogo, ugonile za mafundi wa Tukuyu. Mimi ndiye niliyekuwa naita. Nilianza kwa kunong'ona, na kabla msimu wa upepo haujafika nilikuwa nasikika hadi kwa Mama Verediana.

Upepo ulipofika ndipo nilipojua kazi ya salamu. Usiku ule ulivuma sana, nanyi wa Iringa mnakumbuka mabati yaliyoruka. Asubuhi zege lilikuwa limekwisha kuchanganywa, na vijana wamesimama na toroli. Niliita. Sita ikaitika. Tano kimya. Niliita tena. Kimya.

Foremani wetu Boniface, ambaye yuko hapa na ananipungia mkono, alikuja mbio. "Washa, mzee! Zege linaganda hili! Rabson atakuwa anajisaidia tu."

Mzee Ambrosi aligeuka kwangu. "Tano wameitika?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Toa sauti, mwanangu. Foremani anakusikiliza."

Wageni waalikwa, mimi ni mtu ambaye shuleni nilikuwa nakaa nyuma ya nguzo ili mwalimu asiniulize. Lakini nilisema. Nilisema, "Tano hawajaitika. Kizimba hakitoki." Boniface alinitazama kama vile kiti kimemsemesha. Kisha akapanda ngazi mwenyewe, kwa miguu, akihema, kwenda kuona.

Upepo ulikuwa umeng'oa lango la chuma la ghorofa ya tano. Lilikuwa limekata waya wa kisanduku na kuning'inia ndani ya njia ya kizimba. Rabson alikuwa amelishikilia kwa mikono miwili asije akaliachia likawaangukia watu wa chini, akituita kwa mdomo, na upepo ukiyachukua maneno. Kizimba kingepanda na watu wale wa toroli, kingeligonga lango lile. Boniface aliposhuka alikuja mlangoni kwangu akaniletea andazi.

Zege liliganda, tukalimwaga. Hakuna aliyelililia.

Wiki iliyopita mafundi waliishusha winchi kipande kwa kipande. Kibanda changu kimebomolewa, na mahali kilipokuwa wamepanda maua. Jengo sasa lina lifti yake ya kudumu, ina kioo, na haipigi kelele. Juzi niliipanda peke yangu. Ilipofika sita nikasema, "Asante, chini." Hakuna aliyeitika. Nilisimama pale nikitazama Ipogolo, nikawakumbuka wote, hata vile vikohozi.

Mzee Ambrosi, umenifundisha kutoa sauti wakati yako wewe mwenyewe huisikii vizuri. Sijui nitakushukuruje. Wazee wa Kilolo, huyu tunawarudishia. Mkimsalimu, msogeeni karibu, semeni kwa nguvu, na msichoke kurudia. Asikose salamu kwa sababu ya masikio aliyoyaacha kwenye injini za winchi.

Na sasa lile ombi. Mhandisi Benedicta, sisemi taa ni mbaya. Taa zifanye kazi mchana kutwa, zina haraka kuliko sisi. Lakini kitufe kinaweza kubonyezwa na mtu yeyote, na taa isipowaka huwezi kujua kama watu hawana haja au wana shida. Tunaomba kisanduku kibaki kila ghorofa, kwa asubuhi tu, na kizimba kisitoke mpaka wote wameitika. Njia hii uliitengeneza wewe. Tunakuomba tu usiisahau Iringa. Je, itawezekana?

Mhandisi, naona umeitikia kwa kichwa. Naomba unisamehe sana. Hapa kichwa hakihesabiki. Toa sauti.

Nimekusikia. Mzee Ambrosi, umesikia? Anasema salamu zinakwenda Mbeya. Narudia, na kipaza sauti nakiweka chini: SALAMU ZINAKWENDA MBEYA!

Basi, kwa mara ya mwisho hapa, kabla hatujatawanyika. Sita, kamwene? Mwangaluka, baba mdogo. Tano? Asante, Rabson. Nne? Tatu? Pili? Leo mmewahi. Kwanza?

Na chini?

Chini, Mzee Ambrosi, mpo?

Ameitika. Wote wameitika. Mzee wetu anaweza kuondoka, njia ni nyeupe.

Asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi kwa kuniitikia.