Tope la Mama Kisima

Mama Kisima alikuwa ameinama kwenye karai, anasugua chujio la maji kwa mswaki mkuukuu, simu ilipolia. Binti yake karuhusiwa hospitali, yuko njiani na kichanga. Mama akatazama chujio. Alilisafisha asubuhi hiyohiyo, na tayari lilikuwa limeziba tope rangi ya chai. Bombani maji ya kisima chake yalidondoka kama machozi ya mnafiki. Mtoto ataogeshwa kwa maji yapi? Akalibeba hivyohivyo, likichuruzika, mpaka kwenye benchi nje ya ukuta wake, ambako wazee wa kijiwe walikuwa wakinywa kahawa.

— Mabingwa, limeziba tena. Na mjukuu yuko njiani.

— Hongera, dada! akasema Kinyozi. Wa kike au wa kiume?

— Wa kuogeshwa. Nisaidieni kwanza.

Injinia, ambaye ni fundi baiskeli, akalinusa.

— Chujio feki hili. Matundu madogo mno. Chujio la maana huacha vitu vipite.

— Hilo si chujio, ni mlango, akasema Kinyozi. Humo kisimani mna chura. Jitu zima, linapiga mbizi, linakoroga.

— Chura gani anakoroga kutwa? Hana kwake?

— Anako. Ana mke mkali.

Babu Redio, mwenye habari za dunia nzima, akakohoa.

— Dunia imeongeza mwendo, wanangu. Inazunguka kwa fujo, maji ya chini yanatibuka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Babu, changu kimeshajaa tope.

Mama Kisima akacheka bila kutaka. Muda wote aliomuuguza binti yake, hawa ndio waliolisha kuku wake na kufagia uwanja. Angewakasirikia vipi?

Gari likasimama. Binti akashuka taratibu, kichanga kifuani. Benchi zima likainuka.

— Shikamooni. Mama, mbona tope mpaka viwikoni?

— Chujio, mwanangu. Tangu nirudi kutoka kwako, kazi ni kulisugua.

Binti akafikiri kidogo.

— Kwani pampu ya kisimani inaning'inia, au imekaa chini?

Injinia akamtazama Kinyozi. Kinyozi akatazama kikombe. Babu Redio akakosa habari.

— Tuliishusha kidogo, Injinia akasema mwishowe. Kiangazi kile, dada alipokuwa kwako, maji yalikuwa yamekwenda chini. Tukaona dada asirudi na mgonjwa akakuta pakavu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mkaishusha mpaka wapi? binti akauliza.

— Mpaka kamba ikalegea.

— Si imelala kwenye tope! akasema Mama Kisima. Na mnamsingizia chura wa watu!

— Tuliona haya, dada, akasema Kinyozi.

Mama Kisima alitaka kugomba, akaliweka chujio chini.

— Vueni mashati. Ipandisheni juu ya tope kimo cha mtu, mfunge kamba vizuri.

Wakavuta, Babu Redio akihesabu pumzi za wenzake. Maji yakatoka ya kahawia, yakatoka ya chai, halafu kitako cha ndoo kikaonekana. Mama akayachemsha, akayapoza, akayapima joto kwa kiwiko mara tatu, akamwogesha mjukuu wake. Mtoto akapiga kelele moja, akanyamaza, akalala.

Wazee walikuwa wanaaga. Mama akawazuia mlangoni kwa mwiko.

— Nani kawaruhusu? Kaeni.

Akapakua. Akahesabu vichwa kwa kidole: watatu wenye matope, binti, kichanga, na yeye.

— Tumetimia. Kuleni kabla hakijapoa.