Nong Onsoy, Mpasua Mifupa Aliyekimbia Ili Dada Yake Anywe Dawa

Wasikilizaji wapendwa, ketini. Nasema ketini, ingawa mtu tunayemkumbuka asubuhi hii hakuwa mtu wa kuketi. Hata kahawa aliinywa wima. Jina lake Leoncio Gabasa, mpasua mifupa wa sokoni La Paz, hapa Iloilo. Sote tulimwita Nong Onsoy, yaani kaka Onsoy. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akifanya mazoezi ya marathoni ya kuwachangia wagonjwa wa saratani ya damu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Mbio zenyewe ni Jumapili hii.

Kama umewahi kunywa batchoy, supu yetu ya tambi, pale sokoni, umekunywa kazi ya mikono yake. Mifupa ya ng'ombe ilipita kwake kwanza. Aligonga mara moja, mfupa ukafunguka, uboho ukabaki mzima. Aligonga huku akibadilisha mguu, kulia, kushoto, na wauza tambi wakimuuliza kama choo kina foleni.

Mwaka jana dada yake wa pekee, Felisa, Inday kwetu sokoni, aliugua. Waliishi nyumba moja. Dada ni mjane, kaka hakuoa. Daktari akasema ni saratani ya damu, na kwamba huanzia ndani ya uboho. Nong Onsoy akasikia neno moja tu: uboho. Kesho yake akafika wodini na chupa ya chai iliyojaa supu nzito ya uboho. Akaja nayo kila siku. Daktari akamweleza kwa upole kwamba uboho wa ng'ombe hauingii kwenye mifupa ya mtu kwa njia ya tumbo. Felisa akamwomba daktari amwache, maana akikatazwa supu ataanza kufagia wodi.

Kisha wakampima yeye, ili atoe uboho wake mwenyewe. Haukulingana na wa dada yake. Felisa anasema kaka yake alisimama dirishani muda mrefu.

"Miaka yote hii nauza mifupa," akasema, "kumbe yangu haifai hata kwa supu."

Dawa zilikuwa kali. Nywele zikaisha, midomo ikachubuka. Siku moja Felisa akasema basi, amechoka, hanywi tena. Ukutani palikuwa na tangazo la marathoni. Nong Onsoy akalibandua, akamwekea dada yake kifuani.

"Wewe maliza dawa, mimi nimalize mbio hizi."

"Nong, na hayo magoti? Utamalizwa wewe."

"Basi kunywa, Inday, upate nguvu za kunicheka."

Akanywa. Hayo ndiyo yakawa makubaliano yao. Narudia, kwa aliyechelewa kufungua redio: siku kaka amekimbia, dada anakunywa dawa. Siku hakukimbia, dada hanywi.

Akakimbia. Mvua ilinyesha, akakimbia. Goti lilivimba, akalifunga kitambaa cha buchani, akakimbia. Sokoni walimwambia ng'ombe ameshachinjwa, sasa anamkimbiza nani. Na kwa kuogopa pasma, yale maumivu ya mishipa, kama tunavyoogopa sote, hakugusa maji mwili ukiwa bado moto. Alifika wodini na jasho lake na harufu ya nyama, na wauguzi wakamwelekeza dirishani kabla hajasema habari za asubuhi.

Jumanne ile alianguka kando ya mto. Ulikuwa moyo. Felisa hakuhitaji kuambiwa, supu haikufika. Siku hiyo hakunywa dawa. Kesho yake hakunywa. Keshokutwa pia.

Jumamosi akaruhusiwa kutoka hospitali kwenda kumuaga kaka yake kwenye kanisa dogo la msiba, barakoa usoni. Mnaijua desturi yetu. Ukitoka msibani huendi moja kwa moja nyumbani. Unapitia dukani, unapitia popote, ili marehemu apotee njia asikufuate. Manang Azon, muuza tambi, alikuwa amemshika mkono. Akamwambia dereva wapitie kwake kwanza, wanywe batchoy.

"Hapana," Felisa akasema. "Nyumbani, moja kwa moja."

"Inday, atakufuata."

"Anifuate. Mimi na yeye tuna makubaliano."

Wakaenda. Manang Azon anasimulia kwamba Felisa aliketi mezani, akavuta kiti cha pili, kisha akakirudisha pembeni, akisema mwenye kiti hicho hakai. Akamimina vidonge kiganjani. Akavinywa akitazama mlango.

Kwa Felisa, na kwa soko lote la La Paz, sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Nong Onsoy amelala sasa. Sijui anawezaje.

Nasi tuliobaki tujiulize. Wagonjwa wa wodi ile bado wanazitegemea mbio hizi, na kila mmoja ana siku yake ya kusema basi. Nani atambandulia tangazo?

Leo, kabla ya kuingia studioni, nilimpigia Felisa simu. Nikamuuliza kama amekunywa dawa. Akaniuliza, "Leo amekimbia nani?"

Nikamwambia Manang Azon, kwa kandambili, hadi darajani na kurudi, na njia nzima alikuwa anatukana. Felisa akacheka kwa muda. Kisha nikasikia glasi ikiwekwa mezani, tupu.

Hiyo ni ya leo, wasikilizaji wapendwa. Kesho atakimbia nani?