Vidole Kumi vya Mwalimu

Marehemu, ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Vidole, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mpiga chapa na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alichelewa kusema. Shangazi zake, ambao leo wanalia kuliko wote, walimwita bubu.

Alianza shule mwaka 1973, akarudia darasa la pili, kisha akawaacha wenzake mbali. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1988, somo lake Kifaransa.

Tarehe 2 Juni 1990 aliolewa na fundi saa, ambaye alichelewa harusini dakika arobaini. "Ningetaka mtu wa haraka ningeolewa na dereva," marehemu alisema, akamshika mkono.

Mwaka 1999 aliomba apewe darasa la watoto wenye masikio mazima na akili timamu, ila maneno hayakuwatii: waliyasahau, waliyapanga ovyo, walikwama katikati ya sentensi. Mwalimu mkuu alicheka. "Lugha yao yenyewe inawashinda, unawapeleka wapi na Kifaransa?" Aliwafundisha hivyo hivyo. Maneno matano kwa wiki, kila neno na kitu chake cha kushika: kijiko, ufunguo, soksi. Akiuliza swali, alikunja vidole vyake kumi, kimoja kimoja, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia mtoto kabla ya kidole cha mwisho.

Tarehe 11 Februari mwaka huu alikuja mkaguzi. Alimwuliza binti wa miaka kumi, kwa Kifaransa, ameshika nini. Marehemu alikuwa kwenye kidole cha nne pale mkaguzi alipojijibu mwenyewe, akaandika "hawajibu", akaondoka. Binti alijibu, sentensi nzima, mlango ukiwa umeshafungwa. Wiki mbili baadaye darasa nalo likafungwa.

Marehemu alimwandikia mwalimu mkuu barua tano kuomba darasa lirudishwe. Ya mwisho aliiandika wodini, alikolazwa tangu Agosti kwa saratani ya kongosho. Hakujibiwa hata moja. Alifariki tarehe 4 Novemba, saa nne asubuhi. Tusidanganyane kwamba aliondoka akitabasamu. Aliondoka na hasira, na alikuwa na haki nayo.

Ameacha mume, binti mmoja, mdogo wake anayesoma wasifu huu, na wanafunzi kumi na mmoja wasio na darasa. Mwalimu mkuu na mkaguzi wameleta shada kubwa na wamekaa mstari wa mbele. Jana mwalimu mkuu aliomba habari za ukaguzi ziondolewe. "Msibani si mahali pake," alisema. Mdogo wa marehemu alimjibu: "Mahali pake palikuwa ofisini kwako, na hukufungua mlango."

Sasa yule binti aliyeulizwa na mkaguzi atamuaga mwalimu wake kwa Kifaransa. Mdogo wa marehemu atakunja vidole. Mtu asimsaidie, asikohoe, asianzishe wimbo. Mkaguzi asiondoke.

Amani aliyonyimwa kazini, dada yetu aipate hapa.

Kidole cha kwanza.