Betri au Baridi

Kosta ya kwenda Laela iligoma tena kuwaka. Kila dereva alipogeuza ufunguo, injini ililia ka-ka-ka, kisha ikanyamaza. Gaudiosa alikuwa anawahi kanisani Laela kumsimamia mtoto wa dada yake kipaimara, na askofu asingemsubiri.

"Betri imechoka," alisema mzee Eustaki kwenye siti ya nyuma yake. "Huoni taa zinavyofifia? Na tangu alfajiri redio inalia, injini imezimwa."

"Ni baridi tu ya Sumbawanga, mzee," alijibu Sayi, kijana mfugaji aliyejifunika blanketi mpaka kidevuni. "Jua likipanda itawaka yenyewe."

"Baridi inaiangusha betri mbovu, mwanangu. Nzima haisumbuki."

Uvumilivu ukamwisha Gaudiosa. "Betri au baridi, shukeni tusukume!"

Akavua viatu vyake vyeupe, akatangulia. Wale wawili walisukuma huku wakibishana, gari likakohoa, likawaka, nao wakaendelea kubishana njia nzima.

Walipofika Laela jua lilikuwa kali. Kabla ya kufika stendi, Kosta ilisimama mbele ya kanisa kumshusha Gaudiosa, na ndani kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Dereva Raymond, mtoto wa katekista, akazima injini kwa heshima.

"Raymond!" gari zima likapiga kelele.

"Haya, jua si limepanda?" alisema Eustaki. "Mwambie awashe."

"Awashe!" alisema Sayi, akivua blanketi.

Gaudiosa alivaa viatu vyake, akaingia kanisani bila kugeuka. Yeye alishasukuma.