Vitu Tulivyovificha kwa Fundi

Risala ya Umoja wa Familia Zinazofadhiliwa kwa mgeni rasmi, kiongozi wa ujumbe wa kanisa rafiki la ng'ambo. Imesomwa na katibu wa umoja.

Mgeni rasmi, mama yetu, wageni wote mlioandamana naye, mchungaji wetu, mratibu wa ufadhili, wazee wa kanisa, na nyinyi majirani mliojaa hadi madirishani, msiofadhiliwa na mtu, mliokuja kusikia tu: shikamooni, na poleni kwa joto.

UKARIBISHO

Mama, karibu tena kwetu. Mwaka jana tulikuimbia nyimbo tatu. Leo tumekuandalia mmoja, nao tumeuweka mwisho, ukiwa bado una hamu ya kutusikia.

Kabla hatujaenda mbali, tunamwomba kaka mkalimani aiweke chini ile karatasi aliyopewa asubuhi. Ile ndiyo risala iliyopitia ofisini kwa mratibu. Ni nzuri, imepigwa chapa, haina kosa hata moja, ila si ya kweli. Hii tunayosoma iliandikwa kwa mkono juzi, sebuleni kwa katibu, watu ishirini na saba ndani ya chumba kimoja, wengine wamekalia ndoo, kila mtu anasema lake. Mratibu wetu, utusamehe, hukuiona. Ungeiona ungeinyoosha.

Kaka mkalimani, tafsiri kama ilivyo. Usitupambe. Ukifika penye aibu usikohoe ukaruka mstari, maana wapo watoto wetu hapa wanaojua lugha zote mbili na watatuambia.

HISTORIA YETU

Umoja wetu una miaka tisa. Ulianza pale picha za watoto wetu zilipopelekwa kanisani kwenu na kila mtoto akapata mtu. Tunasema "mtu" kwa sababu ndivyo tunavyoulizana mtaani: "Wako kapata mtu?" "Kapata, bibi mmoja mwenye paka." Watoto wamesoma kwa mikono ya watu hao. Wametibiwa. Wameandikiwa barua, na wapo wanaolijua jina la paka kuliko majina ya shangazi zao.

Mwaka wa tatu ulizuka uvumi kwamba familia moja ng'ambo ya barabara imefutwa kwenye orodha kwa sababu wageni waliona pikipiki mlangoni. Baadaye sana tulijua kuwa familia ile ilihama yenyewe, na pikipiki ilikuwa ya shemeji aliyepita kusalimia. Lakini nani alikuwa na subira ya kuuliza? Katibu anayesoma hapa ndiye aliyeupokea uvumi ule kisimani, na mpaka maji yanafika nyumbani alikuwa ameshaziambia kaya kumi na moja, na chumvi ameongeza.

Tangu hapo, mama, kila mkitangaza ziara, sisi tunahamisha vitu.

MAFANIKIO

Kila mwaka sehemu hii huwa na mstari mmoja: "Mafanikio yetu bado ni machache, tunaomba msituchoke." Tulikuwa tunaisoma kwa sauti ya mgonjwa.

Ukweli ni kwamba tumefanikiwa. Mwenyekiti wetu, fundi baiskeli tunayemwita Mzee Spoku, alianza na spana mbili na leo ana kibanda chenye mlango. Dada yetu muuza barafu ana friji, na hiyo friji imelisha watu sita. Kinyozi wetu ana kioo kirefu na wateja wanaosubiri zamu. Katibu anauza mitumba, na nyumbani kwake kuna kochi la watu watatu lenye vitambaa vya kufuma.

Hivi vyote vilitokana na nyinyi kutushika mkono kwenye ada, nasi tukabaki na nguvu ya kuhangaikia mengine. Ndicho mlichokuwa mnakiomba katika barua zenu. Nasi tulikificha kama mtu anayeficha upele. Mlikuja kutoka mbali kutazama kama mbegu imeota, sisi tukawa tunaifunika na mkeka na kuwaonyesha udongo.

CHANGAMOTO

Changamoto kwa kawaida ni maji, paa na dawa. Mwaka huu tuna moja, na ni sisi wenyewe.

Mama, unamkumbuka mwanamke aliyekushonea mkanda wa mkoba wako. Sisi tunamwita Fundi. Ni mjane, ana cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu na binti mmoja. Binti yule mlikuwa mnamsomesha uuguzi, na alikuwa ameanza mwaka wa kwanza.

Siku moja kabla ya ziara ya mwaka jana, mchana kweupe, tulibeba vitu vyetu vyote tukavipeleka nyumbani kwa Fundi. Wazo lilikuwa la katibu. Nyumba yake haikuwa kwenye orodha ya nyumba za kutembelewa, iko juu kule, kupita mtaro. Lakini sababu kubwa ni kwamba kwake kulikuwa na nafasi. Chumba kizima kilikuwa na cherehani, stuli, na kitanda cha kamba wanacholala wawili. Katika familia zetu ishirini, yeye ndiye hakuwa na kitu cha kuficha.

Hakupenda. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni akasema, "Jamani, na wageni wakija huku?"

Katibu akamjibu, "Waje huku kufanya nini, dada? Kuangalia mtaro?"

Tukacheka wote. Akasogea tukaingiza. Tulipanga vitu hadi darini, na Fundi na binti yake, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, usiku ule wakalala kwa jirani.

Kesho yake ukaja. Tukakutembeza nyumba saba zilizofagiliwa zikabaki kuta. Katibu alikukalisha kwenye gunia, akalia kidogo. Ulipotoka pale, mkanda wa mkoba wako ukakatika. Kaka mkalimani, ambaye ni mgeni mtaani na hana kosa, akainua macho akaona kibao kilichoandikwa FUNDI NGUO, na mshale. Tulikuwa tumeficha kila kitu, mama, tukasahau kwamba mwanamke yule ana kibao.

Tulijaribu kukuzuia. Mmoja alisema fundi anaumwa. Mwingine, wakati huo huo, alisema fundi amesafiri. Ukasema utatembea tu, unapenda kutembea.

Mlango haukufunguka wote, godoro liliuzuia. Uliingia kwa ubavu. Ulisimama katikati ya yale yote ukazungusha macho, kutoka friji hadi televisheni. Fundi akakwambia, "Karibu mama, kaa, viti vipo." Ukakaa. Ulikaa kwenye kochi la katibu, na katibu alikuwa dirishani anakutazama.

Alikushonea mkanda, na malipo akakataa. Ukamuuliza kwa upole, kupitia mkalimani, vitu vile vimetoka wapi. Ukauliza tena. Mara ya tatu Fundi aligeuka akatuangalia sisi tuliosongamana mlangoni. Sisi wengine tukaangalia paa, wengine viatu. Mwenyekiti alikuwa na kikohozi cha ghafla. Fundi akainama akakata uzi kwa meno, akasema, "Mimi ndiye mwenye nyumba, mama. Kama kuna kosa, liko hapa."

Baada ya wiki tano barua ikaja kwamba familia ile ina uwezo wa kutosha, na kwamba nafasi yake apewe mwenye shida zaidi. Hatuwalaumu walioandika barua hiyo. Waliandika walichokiona, na walichokiona tulikipanga sisi, kitu juu ya kitu.

Binti akarudishwa kutoka chuoni na sanduku lake. Sasa anamshonea mama yake vifungo.

Na sisi? Jioni ile ile ya ziara tulikuwa tumekwenda kuchukua vitu vyetu. Tuligombana hapo mlangoni kwake nani ameikwaruza friji. Barua ilipokuja tulikaa kimya. Tukasema tumwachie Mungu, kwa maana ya kwamba sisi tusiguse. Tulimpelekea kilo mbili za sukari. Akazipokea, akatuuliza, "Hii ni ya chai au ya kunifunga mdomo? Maana mdomo sijaufungua bado." Tukaondoka tukisukumana.

La mwisho ndilo baya kuliko yote, na katika kikao cha juzi tulibishana kama tuliseme. Tangu hapo tuliacha kumpelekea nguo. Hatukukubaliana, hakuna kikao kilichokaa, kila mmoja aliacha kimoyomoyo kwa sababu hakuweza kusimama kupimwa bega na mwanamke yule. Tunapeleka nguo kwa fundi wa stendi, anayekata vibaya. Kwa hiyo tulimnyang'anya ada ya mtoto, kisha tukamnyang'anya na wateja, kwa sababu tu tunamwonea aibu.

OMBI

Mgeni rasmi, mwaka huu hatuombi paa la ukumbi.

Tunaomba binti wa Fundi arudi chuoni. Chuo kimesema nafasi yake ipo mpaka muhula mpya uanze, na muhula unaanza baada ya wiki mbili. Hakushindwa mtihani, hakuharibikiwa, hakudanganya. Tulidanganya sisi.

Kama mtasema orodha imejaa, basi itoeni nafasi hiyo kwenye zetu. Juzi tuliulizana nani yuko tayari mtoto wake aondolewe kwenye orodha ili yule arudi. Tunasema mbele yako na mbele ya watoto wenyewe: hakuna aliyenyoosha mkono. Tulichoweza ni kuandika ruhusa, imetiwa sahihi na kaya zote kumi na tisa, kwamba mchague nyinyi, na atakayechaguliwa hatanung'unika. Ni kidogo, tunajua. Ndipo uwezo wetu ulipofika.

Jana tulikwenda kumwomba Fundi aje akae mstari wa mbele. Alikuwa anampima mtu kiuno, pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Na kwenye hiyo risala mtasema nini?"

"Tutasema tulikukosea, dada."

"Hilo nalijua miye. Mgeni litamsaidia nini?"

"Sasa tusemeje?"

"Semeni kila kitu kilikuwa cha nani. Kimoja kimoja, na mwenyewe asimame. Mkiliweza hilo, mtume mtu aje aniite. Mkishindwa, niacheni, nina magauni manne ya kumaliza."

Kwa hiyo, mama, tunasoma. Atakayesikia kitu chake asimame. Majirani wa madirishani, msicheke, au chekeni, ni haki yenu.

Televisheni kubwa nyeusi na meza yake: ya Mzee Spoku, mwenyekiti wa umoja.

Friji: ya dada muuza barafu.

Magodoro matatu, pamoja na lile lililozuia mlango: ya kinyozi, na moja ni la mama mkwe wake. Mama mkwe, wewe kaa tu, miguu inakuuma. Ahsante. Basi simama.

Redio yenye spika mbili: ya mzee wa kanisa aliyefungua ziara ile kwa sala.

Jiko la gesi, feni, na kabati la vyombo lenye vioo: vya mpiga kinanda na mkewe. Mke amesimama. Tunamsubiri mume.

Amesimama.

Baiskeli mbili mpya, masufuria makubwa ya kukodisha, na saa ya ukutani: za familia tatu za kule chini, ambazo zimeshasimama kabla hatujazitaja.

Waliobaki, mnajijua, na vitu vyenu mnavijua. Simameni.

Kochi la watu watatu ni langu mimi ninayesoma. Na gunia nililokukalisha, mama, nililiazima.

Mgeni rasmi, unatuona wote. Binti wa muuza barafu, wewe una miguu myepesi: pita huo mlango wa pembeni, panda mpaka kwa Fundi, mwambie tumeweza, anaitwa.

Mungu akupe safari njema ya kurudi, mama, awashike mkono wote wanaotuandikia barua, na asitupe sisi nyuso nyingine za kuficha hizi.

Ni sisi,
Umoja wa Familia Zinazofadhiliwa